Koti la Bisimwa

Nateete, Kampala
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Goti lako la kushoto linaendeleaje na mvua za huko Bukavu? Na kikohozi cha Furaha, kimepona au bado anakunywa ile dawa ya majani? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo sijui niusemeje, na ndiyo maana nimekaa kuandika.

Barua yako ilinifikia. Niliisoma mara mbili. Katika mstari wa pili umeuliza, "Bisimwa hajambo?" Mimi nimeulizwa katika mstari wa sita, baada ya mbuzi wa shangazi. Silalamiki, Mama. Nasema tu kwamba nimeona.

Hii anakuletea mama Riziki, yule muuza vitenge, kwa mkono wake mwenyewe. Huku barua za posta hufunguliwa na watu ambao hawakuandikiwa. Akusomee Furaha, si mwalimu wa katekisimu, na mkimaliza iwekeni motoni. Mkisoma mtaelewa sababu.

Basi, jibu la swali lako: Bisimwa hajambo sana. Bisimwa yuko Amerika.

Najua hapo Furaha amesimama kusoma na nyote mmeshika vichwa. Na mimi nilishika changu. Unakumbuka tulivyotoka huko pamoja, marafiki wawili, mimi nimebeba cherehani kichwani, yeye amebeba gitaa. Tulipofungua kibanda chetu Wandegeya, karibu na chuo kikuu, mimi ndiye niliyekata na kushona suti. Yeye alishona vifungo, akapiga pasi, akachekesha wateja. Kiingereza chake chote alikipata kwa kuwapigia soga wanafunzi waliokuja kupunguziwa suruali, wakati mimi nimeinama kwenye mashine.

Wateja wetu wakubwa ni hawa matajiri wapya, ambao watu wa hapa huwaita mafuta mingi. Wahindi walipofukuzwa, maduka yao waligawiwa hao. Sasa mtu aliyekuwa na baiskeli ana kiwanda, na kiwanda kinataka vipuri, na vipuri havipo. Kwa hiyo wanasafiri kwenda kuvitafuta, na Amerika haendi mtu bila suti. Suti inashonwa kwangu.

Sasa nikwambie siri ya fundi. Suti iliyokwenda Amerika hurudi kwangu ndani ya mwezi mmoja, kwa sababu mwenyewe amenenepa na kiuno kinataka kufunguliwa. Kabla ya kufungua kiuno, fundi hupekua mifuko. Huko ndiko nilikojifunzia Amerika. Nimekuta tiketi ya mashua inayozunguka kisiwa kizima cha New York. Nimekuta kidude cha bati cha kubana kwenye kola, wanachopewa watu wanaoingia jumba la makumbusho. Nimekuta maganda ya karanga kutoka uwanja ambako watu hupiga mpira kwa gongo mchana kutwa. Nimekuta viberiti vya hoteli za Chicago, na kipande cha tiketi ya gari la reli la San Francisco, na ramani imekunjwa hadi imechanika. Siku moja nilikuta vipakiti vinne vya sukari. Sisi huku tulikuwa wiki ya tatu hatujaona sukari, na huyu bwana alikuwa ameisahau mfukoni. Nilimrudishia viwili.

Kila nilichokikuta niliwauliza wenyewe, na wao hupenda kusimulia. Nikaanza kuandika nyuma ya karatasi za kukatia nguo. Baadaye wakawa wananiuliza mimi kabla ya kusafiri. Mtu anasimama napima mabega, anasema, "Fundi, mkutano wangu New York unaisha saa sita. Halafu?" Namwambia apande mashua, akae upande wa kushoto, ndiko majumba yalikosimama. Anayekwenda Washington namwambia asitoe hata senti, makumbusho ya huko ni bure, na kuna moja ambako unagusa kwa kidole jiwe lililoletwa kutoka mwezini. Wa San Francisco namwambia apande lile gari la reli linalovutwa kwa kamba ya chuma kupanda kilima, asimame nje ashikilie mlingoti. Wa Chicago namwambia ale nyama, kisha akatembee kando ya ziwa, kwa sababu wana ziwa ambalo ng'ambo yake haionekani. Wanarudi wananishukuru. Na mimi mahali pa mbali zaidi nilipofika tangu nije huku ni Entebbe, kupeleka koti la mtu aliyechelewa ndege.

Basi mwezi uliopita akaja Lubega, mmoja wa hao matajiri. Amepewa kiwanda cha mashati, mashine zimekufa zote. Anakwenda New York na Chicago kutafuta nyingine, na anataka fundi wa kwenda naye, azijaribu kabla hazijanunuliwa. Mama, nilijua ni mimi. Niliweka mkasi chini. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitavaa nini.

Lubega akasema, "Wewe, Deo, nikikuchukua, hapa nani atashona? Watu wangu wote wanavaa kwako. Nitakwenda na huyu, anajua kuongea."

Huyu ni Bisimwa. Amechukuliwa kwa sababu mimi ni fundi mzuri. Jaribu kuieleza hiyo mtu akaelewa. Nilicheka, nikampa mkono, nikasema hongera ndugu yangu, na usiku ule sikula.

Tena nikapewa kazi ya kushona suti zao mbili, kwa wiki moja. Na Bisimwa, ambaye hana haya hata kidogo, akaja na daftari la shule. "Deo, niandikie. Tutakuwa na siku tano hatuna kazi. Wewe ndiye unayeijua Amerika."

Nilitaka kumwandikia uongo. Nilifikiria kumpeleka makumbusho siku ambayo hufungwa. Lakini mkono ulikataa, si kwa wema, ni kwa majivuno. Nilimwandikia kila kitu: siku ya kwanza mashua, siku ya pili lile jengo refu ambalo masikio huziba kwenye lifti, apande jioni aone taa zikiwaka. Chicago nikamwekea treni inayopita juu ya barabara, akae dirishani, halafu ziwa, halafu nyama. Kurasa tatu, hazina hata neno lililokatwa. Nilipomaliza nikaisoma, na nikaona nimeandika siku tano za maisha yangu, na juu kabisa kuna jina la Bisimwa.

Ndipo nikafanya lile ambalo bado sijamwambia mtu. Koti lake nilikuwa nimelimaliza kila kitu isipokuwa makwapa. Sikuyashona. Niliyashikiza tu kwa uzi mwembamba wa pamba, ule tunaokata kwa meno, nikapiga pasi juu yake hadi usingetambua. Nilijua siku atakaposimama chini ya jengo refu na kunyanyua mkono kumwonyesha Lubega, koti litafunguka lote, na Wamarekani watamwona fulana. Niliona picha hiyo vizuri sana, Mama, na ilinifurahisha. Nilimkabidhi koti siku ya Alhamisi. Akanikumbatia, akaenda kulala Bugolobi kwa Lubega, kwa kuwa gari la Entebbe lingeondokea huko Jumamosi.

Jumamosi hiyo asubuhi, siku nane zilizopita, nilikwenda kula kwa Nalongo. Huyu ni jirani yetu wa Wandegeya, anauza matoke na maharage kwa wanafunzi. Mumewe alikuwa karani wa chuo. Mwaka jana walikuja watu na gari lisilo na namba wakamchukua, na hadi leo hajulikani aliko. Mtoto wake wa kiume anasoma Chicago. Aliniwekea sahani, akaongeza kipande cha nyama ambacho sikukiagiza.

"Deo, Mungu akuweke," akasema polepole. "Ile balua yangu Bisimwa naenda nayo. Ameweka ndani ya koti, chini ya mkono."

"Barua gani, Nalongo?"

"Ya mtoto. Nasema kwake asirudi huku. Anataka kuja kutafuta baba yake, watamchukua na yeye. Mimi niliogopa, nikauliza Bisimwa, haitaanguka? Yeye anasema, hii koti ameshona Deo, hata ng'ombe mbili wavute haipasuki."

Mama, pale Entebbe askari humpekua kila anayeondoka. Nimewaona kwa macho yangu siku ile nilipopeleka koti. Unasimama mbele yao, na kitu cha kwanza wanachokwambia ni nyanyua mikono.

Sikumaliza chakula. Nilichukua sindano na uzi mweusi nikatoka mbio. Teksi ilinishusha mjini, kutoka hapo nikakimbia kupita viwandani hadi kwenye zile ghorofa za Bugolobi. Gari lilikuwa bado liko chini, nikamshukuru Mungu. Nikapanda ngazi, nikagonga. Alifungua mwanajeshi. Sikujua kama safari ina mwanajeshi. Amewekwa awalinde, au awachunge, sijui.

"Wewe natafuta nani?"

"Mimi fundi, afande. Nimekuja kuangalia koti la huyu."

"Koti iko na nini?"

Bisimwa alikuwa amesimama katikati ya sebule, amelivaa, amechana nywele. Lubega alikuwa anatafuta miwani yake. Nikasema nadhani mkono unabana kidogo, anipe dakika tano nilirekebishe. Mwanajeshi akanitazama, kisha akamtazama Bisimwa.

"Wewe. Nyanyua mikono, tuone."

"Afande, ngoja kwanza nilivue nili..."

"Mimi nasema na huyu. Nyanyua."

Bisimwa akanyanyua. "Juu," akasema yule. Akanyanyua juu zaidi, mikono yote miwili, hadi mikono ya shati ikatoka nje. Mimi nilifumba macho. Nilisubiri ile sauti ya uzi kukatika, naijua kuliko sauti yoyote. Haikuja. Nilipofumbua, mwanajeshi alikuwa anambonyeza mbavuni na kwapani kwa vidole vyake, halafu akasema, "Hii haina shida. Wewe fundi mzuri. Mimi nikirudi utashonea mimi pia." Nikasema ndiyo, afande.

Bisimwa alinisindikiza hadi kwenye ngazi. Akaangalia nyuma, akanong'ona.

"Pole, ndugu yangu. Umekimbia bure. Nilipofungua bitana ya ndani kuweka kile kitu, niliona umesahau kushona makwapa. Suti mbili kwa wiki moja, na mimi sikukusaidia hata kuweka vifungo, nilikuwa nazurura kuaga watu. Ulichoka. Nimeyashona mwenyewe, kwa mkono, na karatasi nimeitandaza ndani hata kidole hakiigundui. Lubega hajui, usiwe na wasiwasi, hakuna atakayesema fundi Deo alisahau."

Mama, hapo ndipo pa kusema. Midomo ilikuwa wazi, maneno yapo. Nikasema, "Asante." Kisha nikaingiza vidole chini ya mkono wake, kama mtu anayekagua kazi, nikaupapasa mshono. Ulikuwa umenyooka. Mipigo midogo ya sindano, sawasawa, imekazwa vizuri. Miaka yote hii nimekwambia kwamba Bisimwa hajui kushona. Anajua. Na nitakwambia ukweli wote kwa kuwa wewe ni mama yangu: pale kwenye ngazi, nimetoka kuponea chupuchupu kumwua mtu na kumwua mtoto wa Nalongo, nilimwonea wivu tena, kwa ajili ya ule mshono.

Dereva wa Lubega alirudi jioni akasema wamepekuliwa wote watatu wakapita. Sasa yuko huko. Kila asubuhi nikikaa kwenye mashine nahesabu saa: sasa amelala, sasa anaamka, leo ni siku ya mashua. Jana ilinyesha hapa na nikajikuta naomba inyeshe New York pia. Halafu nikakumbuka barua haijafika Chicago, nikaomba isinyeshe. Nalongo ananiongezea nyama kila siku, na nashindwa kumwambia aache.

Nisalimie shangazi Nabintu na mbuzi wake wote, kwa kuwa naona wana nafasi nzuri katika barua. Nisalimie mdogo wangu Bahati, mwambie aache kuazima pampu za baiskeli za wateja. Nisalimie mjomba Kalume wa kwaya, na mume wa Furaha akirudi kutoka mgodini. Mama yake Bisimwa mwambie mwanawe amefika salama na amependeza. Hayo mengine usimwambie, hata akikuuliza kwa nini uso wako umebadilika.

Bisimwa atarudi baada ya wiki mbili. Nitamwambia. Nimeamua, na nimekuandikia ili nisiweze kugeuka. Lakini siku atakayorudi sitamwambia mara moja. Nitamkaribisha kitini, nitampa chai, nami nitamwacha asimulie Amerika yote, tangu mashua hadi ziwa, taratibu, bila kumkatiza. Akimaliza ndipo nitasema, kwa maana nikishasema, huenda asiniambie neno lingine tena.

Ni mimi mwanao, uliyemtaja mstari wa sita,

Deogratias