Upande Mweupe wa Ramani

Mwanangu Bahati,

Mama yako anakusalimu kutoka hapa Kisenyi, Kampala. Kifua kimekuacha, au bado unavuta tumbako na kusingizia vumbi la Rutshuru? Mimi nipo. Magoti yamechoka, mdomo mzima. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, usinihesabie makosa.

Umeuliza kama mwanao Furaha yuko tayari umfuate kiangazi, umrudishe nyumbani. Sikiliza basi.

Pale ninapouza bugali na sombe, majani yetu ya muhogo, yuko mteja wangu Mchina, muuza makufuli. Siku moja alinichorea jogoo, akasema ndilo umbo la nchi yake kwenye ramani, ndivyo kitabu cha jiografia kilivyomfundisha utotoni. Yeye kazaliwa tumboni mwa huyo jogoo. Mkiani hajafika hata mara moja, lakini ukiung'oa unyoya mmoja wa huko, ataumia yeye. Nilimcheka, mtu mzima kumlilia kuku. Kumbe nilikuwa najicheka.

Maana binti yako naye ana kitabu chake. Kachora ramani ya Uganda, ziwa la buluu, milima ya kahawia, kazi nzuri kabisa. Magharibi, ng'ambo ya mpaka, kwetu Rutshuru, kaacha peupe. Nilikasirika. Nikashika kalamu ya wino nikachora pale nyumba yetu, na nyuma yake ule mgomba tulipozika kitovu chake. Sijui kuchora, Bahati, mgomba ulifanana na fagio. Lakini ulikuwa wetu.

Mtoto alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Nikadhani amekumbuka nyumbani.

"Koko, umeniharibia," mjukuu wangu akasema. "Hapo hapana kitu. Mwalimu alisema tuache."

Nikamwambia hapo ndipo alipo baba yake, mjinga we. Alikata karatasi nyeupe, akapaka gundi, akaibandika juu ya mgomba wake ukafunikwa.

Sikumpiga. Ningempigia kosa gani, kusoma? Mimi ndiye niliyempeleka shule, nikatamba kwa majirani.

Kwa hiyo usingoje kiangazi. Njoo sasa, na kinywa chako, umwambie mwenyewe kuwa hapo pana kitu. Wino wangu umeshindwa.

Msalimu mama yako mkubwa. Na yule jirani aliyeazima jembe letu, mwambie sijafa, alirudishe.

Furaha naye anakusalimu. Nilimwambia anionyeshe kwenye ramani yake salamu zake ziende wapi. Akaweka kidole juu ya ile karatasi aliyobandika, akaniuliza kama huko kuna barabara.

Ni mimi mama yako, niliyekuzaa huko huko pasipo kitu.