Kwa Mshamu, Kuhusu Kufuli la Ghala la Maparoni

Rafiki yangu Mshamu,

Sikuulizi hali, kwa kuwa jibu lako halitanifikia. Mimi ni mzima wa mwili. Akili ndiyo iliyovurugika, na kila nikiipanga naishia palepale: sijui ulikusudia nini.

Nitakueleza yaliyotokea tangu tulipokuzika, kwa mpangilio, kama nilivyowadai wanafunzi wangu.

Siku ya mazishi, hapa Kibiti, imamu aliuliza kama ilivyo ada: tunamshuhudiaje marehemu? Unajua watu huitika vipi. "Mtu mwema," kwa sauti moja, hata awe nani. Safari hii waliitika kwa mnong'ono. Waliotoka Maparoni walitazama mchanga. Sauti yangu peke yake ndiyo iliyosikika mpaka barabarani. Mimi, ambaye humkemea kila mtu asiseme asilolijua, nilishuhudia, kisha nikarudi nyumbani nikijiuliza kama nilikuwa na hakika.

Habari ilikuwa imekwisha kuenea. Magunia ya mpunga yalitoweka katika ghala la wakulima wa Maparoni, na kufuli halikuvunjwa. Kufuli hilo ulilitia wewe. Wakulima wakasoma halbadiri mlangoni pa ghala, wakaomba aliyeiba afikwe na msiba. Haukupita muda, presha ikakuangusha ukiwa unatawadha. Watu hawakutaka hakimu tena. "Imempata," walisema. Nani mwingine katika delta hii angefungua kufuli bila ufunguo, kisha akalifunga kama alivyolikuta?

Binti yako Tatu alinijia baada ya hitima. Alikataa kuketi. Alisimama mlangoni akauliza, "Mwalimu, baba alikuwa mwizi?" Nikamjibu, hapana. Akauliza, "Umejuaje?"

Nilijua nini, Mshamu? Nilijua kwamba ulipostaafu utunzaji wa stoo, ulikuja na sanduku la makufuli makuukuu uliyopewa ofisi ilipobadilisha milango. Nilijua kwamba uliokota vyuma vya waipa za mabasi pale stendi, ukavipiga tupa mpaka vikawa vijiti vya kuchokolea, na kila baada ya alasiri ulikaa barazani kwangu, umefumba macho, kufuli mkononi, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa kifuani. Sikuupenda mchezo ule. Nilikwambia ni mchezo wa wezi. Ukacheka. "Mwizi hana subira hii, Mwalimu. Mwizi ana nondo."

Nilijua pia sheria yako, ambayo hukuivunja mbele yangu: usichokoe kufuli lisilo lako, wala lililo mlangoni likifanya kazi.

Uliyoyapenda zaidi ni yale makufuli yenye moyo unaotoka. Ufunguo wa kwanza hufungua tu. Ufunguo wa pili haufungui kitu. Ukiuzungusha kidogo unakwama, lakini ukiuvuta, moyo wote wa shaba, wenye umbo la nambari nane, unakujia mkononi. Hapo unaweza kuubadilishia pini ndani, nao moyo ukaukataa ufunguo wa zamani na kuukubali mpya. Ufunguo wa namna hiyo ulikuwa ukiuita kwa jina la mtaani ambalo nililipiga marufuku barazani kwangu, nawe kwa kunikomoa ukauita "bibi mkubwa". Ukanifundisha ingawa sikutaka kufundishwa. Pini zikinitawanyikia mkekani, uliniacha nizitafute kwa magoti. "Tafuta, Mwalimu. Si ulikuwa ukiwachapa watoto kwa nukta moja?"

Kwa hiyo wakulima waliponiita niubadilishe moyo wa kufuli la ghala, nilikuwa sina udhuru. Walisema hawataki kufungua kwa ufunguo alioushika mtu aliyepatwa na halbadiri. Nilipanda boti Nyamisati. Nilitapika njiani, jambo ambalo ungelisimulia mwaka mzima.

Mwenyekiti wao alinipokea. Ufunguo wa kufungulia ulikuwa shingoni mwake. Alikuwa nao hata alipokuwa ng'ambo dunguni akilinda mpunga. Nikamwuliza wa pili uko wapi. Akanielekeza nyumba inayotazamana na ghala, kwa Bi Mwajuma. Ulikuwa umetundikwa kwenye msumari, barazani, nje.

"Ule haufungui," alisema. "Tumeujaribu sana. Mshamu alituonyesha unatoa moyo tu, wa kubadilishia pini. Na wewe unajua desturi, Mwalimu. Watu wakihamia madunguni, ufunguo hubaki kwa jirani. Tukaona tumwachie jirani ule usiofungua."

Niliuchukua. Mbele ya watu wote nikautia, nikauzungusha mpaka ukakwama, nikavuta. Moyo ukanijia kiganjani. Nikatia bisibisi katika tundu lililobaki, kufuli likaachia. Nikalifunga, nikaurudisha moyo. Hapakuwa na hata mkwaruzo.

Nilifurahi, Mshamu. Nakiri nilifurahi kama mtu aliyepata jawabu la hesabu. Nikawaambia kuwa aliyeingia ghalani hakuhitaji ujuzi wa Mshamu. Alihitaji ufunguo ule wa msumarini tu.

Kisha nikaziona nyuso zao. Zote zilikuwa zimemgeukia Bi Mwajuma.

Ni mjane, hana mtoto kijijini. Alikuwa ameshika ungo. Aliuweka chini. "Haya, semeni. Mlinipa mimi niutunze. Mnataka kunisomea na mimi?" Akanigeukia. "Mwalimu, rafiki yako aliuona ufunguo kwenye msumari huu siku ya kisomo cha halbadiri. Alipita kwangu kuomba maji. Aliutazama, akanitazama, akarudisha kata. Akaenda akakaa safu ya mbele, akaitika amina kuliko wote. Angesema, leo mwizi ni mimi."

Niliuchomoa ufunguo kufulini, nikaushika.

Kisha nikaipata ile sauti ya darasani. Niliwaambia kuwa msumari uko nje, kila mpita njia ameupita, na kijiji kizima kilikuwapo siku Mshamu alipolitia kufuli na kuwaonyesha moyo ukitoka. Wakitaka kumsomea mama huyu, wasomeane wote. Mzee mmoja nyuma akasema, "Basi halbadiri ilikuwa itumalize sote, tuzikwe na ndege." Wakacheka, hata Bi Mwajuma. Mwenyekiti hakucheka. Alisema kwamba Ijumaa, baada ya swala, atasimama msikitini aseme kuwa walikudhulumu. Amesema. Tatu alikuwapo, amesikia kwa masikio yake.

Ungedhani sasa nimetulia. Sijatulia. Uliitikia amina ya dua waliyoielekeza kwako, na neno moja tu lingekutoa lawamani. Ulimwachia nani jina lako? Ulidhani Tatu hatanijia mlangoni? Nimejiambia ulikuwa na huruma. Nimejiambia ulikuwa mkaidi. Nimejiambia ulikusudia kusema baadaye, mambo yakipoa, na baadaye haikukufikia. Kila jibu linaingia nusu, halafu linakwama. Na kifo chako nacho: nilijua una presha tangu zamani, nami si mtu wa kubabaishwa, hata hivyo nimejikuta nikihesabu kwa vidole siku zilizopita kati ya kisomo kile na kifo chako, kisha nikaona haya.

Nilibadilisha pini, nikawapa ufunguo mpya. Bibi mkubwa yuko kwa imamu wao. Walitaka kulitupa kufuli lako mtoni. Bi Mwajuma akawakatalia, akasema lina kosa gani.

Kabla sijapanda boti, mwenyekiti alinivuta kando. Alitaka nibaki siku chache niwahoji watu mmojammoja, maana sifa yangu ya kuwakamata wanaoibia mitihani imefika mpaka huko. Ningeweza. Ningempata, Mshamu, ninaamini. Nilifungua kinywa kukubali, nikajikuta namwambia mwenyekiti maji yanakupwa, boti itakwama.

Kwa hiyo hii ndiyo ahadi yangu, na ninaiandika kwa mkono usiokuwa na uhakika: sitamtafuta aliyeuchukua mpunga ule. Wewe uliyemwacha ulijua kwa nini umemwacha, au hukujua, mimi sijui. Nitaishika ahadi hii bila kuielewa, jambo ambalo sijawahi kumruhusu mwanafunzi yeyote.

Lala salama, ndugu yangu. Mungu akufungulie kwa upole.

Mwalimu wako wa barazani