Sijui Nilipozaliwa, na Mama Hataki Kusema

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na shikamoo kama umenizidi umri, maana gazetini hawaweki picha yako nikakujua. Mimi ni nesi wa zamani, nilipunguzwa kazini wakati ule serikali ilipopunguza watumishi, nikakaa nyumbani Mbulu mjini nikilia mpaka paroko akaniambia niandike kwenye jarida la parokia habari za magonjwa ya zamani, nikaandika, watu wakapenda, na tangu hapo ndiyo kazi yangu, naandika na kuitwa kuzungumza, mashuleni, kwenye semina, hata redioni, nikieleza jinsi wazee walivyofyeka vichaka kufukuza mbung'o, ndui ilipita wapi, msitu upi ulikatwa na kijito kipi kikafa. Nitajie kilima chochote cha Mbulu au Hanang nitakuambia kilivyokuwa kabla hujazaliwa.

Lakini mahali nilipozaliwa mimi mwenyewe sipajui.

Mama alipata mimba yangu kabla ya kuolewa, na sisi Wairaqw zamani msichana wa namna hiyo alitengwa, tunaita metimani, anajengewa kibanda mbali, hapiti njia ya wenzake, hachoti maji kwenye chemchemi yao, haombi moto kwa jirani, kwa hofu kwamba ataleta mkosi na maradhi, mpaka muda wake uishe. Mimi nilizaliwa kwenye kibanda hicho. Baadaye mzee Hhando akamwoa mama na kunilea kama damu yake, Mungu amrehemu, na mama hajawahi kunisimulia neno, haya yote nimeyapata kwa mdogo wake, mama mdogo Agatha.

Sasa nimeitwa Babati, kwenye mkutano wa mkoa wetu huu mpya, nizungumzie desturi hiyo hiyo ya kutengwa, nami nimeshaielezea mara nyingi kwa sauti ya darasani bila shida, ila safari hii nikishika kalamu namwona msichana amebeba mtoto mbele ya kibanda nisichokijua, na natamani, mshauri, natamani mpaka kifua kinauma, kusimama pale hata kidogo tu na kuushika udongo wake. Nikienda kwa mama, kijijini Masieda, nakaa na karatasi zangu namuuliza, "Mama, ilikuwa wapi?" ananijibu, "Kunywa maji kwanza, umechoka na safari," na mazungumzo yanaishia hapo. Hayo maji nayo ni ugomvi mwingine, bomba liko karibu kabisa na mlango, lakini akisikia nakuja anabeba kidumu na uzee wake huo, analipita bomba, anaipita chemchemi ya kijiji, anapanda mpaka kule juu msituni, nimemwambia kama nesi kwamba maji yale si salama na iko siku atavunjika mguu, hasikii, na ananitazama mpaka nimalize kikombe.

Mama mdogo Agatha amesema atanipeleka kwa siri palipokuwa na kibanda, siku mama akiwa kanisani. Mama anazeeka, naogopa ataondoka na habari hii moyoni. Je, niende, au nimbane mwenyewe aseme?

Letisia, Mbulu

Mshauri Mectilda anajibu:

Letisia, marahaba, shikamoo yako nimeipokea, ingawa nahisi tumelingana.

Pole sana. Wapo watakaokuambia kibanda kilishaoza, unatafuta nini huko. Usiwasikilize, mtu kutamani alipoanzia si upuuzi.

Sasa nikugombeze. Yule msichana alinyimwa njia, maji na moto, na kijiji kizima kikamsema. Leo binti yake anafika na kalamu anataka ajieleze upya. Wewe ungesema? Na mama mdogo mwambie asante, lakini hapana. Ukienda kule kwa siri umemwacha mama yako nje tena, na safari hii ni wewe uliyemwacha.

Halafu wewe dada, unajua kila kijito kilichokufa na kilichokiua. Unamwona mwanamke mzee analipita bomba, anaipita chemchemi ya kijiji, anapanda msituni, tena siku unazokuja wewe tu, na hujawahi kujiuliza kwa nini? Umempa somo la usafi! Aliyekatazwa chemchemi ya wenzake alikuwa anachota wapi? Wewe mchanga uliogeshwa kwa maji gani? Mimi Masieda sijafika na siwezi kuapa, lakini nadhani kila ulipouliza ilikuwa wapi, ulijibiwa. Ukanywa jibu, ukarudisha kikombe.

Basi fanya hivi. Babati nenda, eleza desturi kama ulivyozoea, na habari ya mama yako iache, ni ya kwake mpaka akupe. Ukitoka huko nenda Masieda bila kalamu. Usitume salamu kwamba unakuja, ili ukute kidumu kitupu. Mwamkie vizuri. Akikitafuta kidumu, kichukue wewe, umwambie, "Mama, leo twende wote." Tembea nyuma yake, kwa mwendo wake. Akipumzika, pumzika. Mkifika usimuulize kitu, na habari za kuchemsha usizitaje. Piga magoti unywe, na mwache yeye ndiye aanze kusema.