Hooyo, Zile Rangi Niliziandika Bila Kupima

Hooyo, mama yangu mpendwa,

Mungu akurehemu na akupanulie kaburi lako. Naanza na dua, kisha nakuomba radhi kwa kukuandikia kwa Kiswahili. Najua hukukipenda. Ulikuwa ukisema ni lugha ya kuulizwa kitambulisho barabarani. Lakini uongo niliokufanyia niliuandika kwa Kiswahili, wewe ukiwa umekaa kando yangu na huwezi kuusoma. Nimejaribu mara nyingi kuukiri kwa Kisomali na ulimi umekataa. Basi nausema kwa lugha ile ile.

Sukari imenipata na mimi, huu ni mwaka wa tatu. Hivi majuzi binti yangu aliyeko Nairobi alininunulia kipimo kipya, nikakipeleka kliniki hapa Garissa nikabandikwe. Nesi ni msichana wa Mwingi, anaitwa Mwende. Kipimo chenyewe ni kidude cheupe, cha mviringo kama kifungo cha koti, kinakaa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko. Kina kijiuzi chembamba kinachoingia chini ya ngozi na kubaki humo wiki mbili, kikisoma sukari bila kupumzika. Mwende alinisafisha kwa spiriti, akaniambia nivute pumzi, akabonyeza. Nilisikia mlio mdogo, na kumbe kilikuwa kimeshaingia. Mwiba wa mgunga unauma zaidi. Akasema tusubiri saa nzima kiamke, ndipo simu ianze kukisoma.

Nikamwuliza daftari la kuandikia namba ni lipi.

"Siku hizi huandiki kitu, mama," akasema. "Kinaandika chenyewe. Hata ukitaka kukidanganya, huwezi."

Nikaanza kulia pale kwenye kiti, mtu mzima mimi, mwalimu wa watu. Mwende alidhani ni maumivu, akaniletea maji.

Hooyo, unalikumbuka lile daftari? Nilikuwa darasa la saba. Aabo, baba yetu, alikuwa na mifugo upande wa Liboi, wewe na dada yangu Halima mkiuza maziwa ya ngamia sokoni. Mimi ndiye niliyepelekwa shule, kwa sababu ulisema nyumba isikose mtu mmoja anayejua maandishi ya serikali. Kisha kiu ikakushika. Ulikunywa maji mpaka watu wakashangaa, na bado ukazidi kukonda. Halima ndiye aliyeona sisimizi wamejaa mahali ulipojisaidia, akatuambia hii si kiu ya jua.

Daktari tuliyemkuta hospitali alikuwa mrefu, mpole, mtu aliyetoka Kenya, kama tulivyosema siku zile kana kwamba Garissa haikuwa Kenya. Nilisimama katikati yenu nikitafsiri. Alikupa vidonge na kichupa cha vijikaratasi vya kupimia mkojo. Kila asubuhi kabla ya chai, kijikaratasi kimoja kichovywe, halafu rangi itazamwe. Buluu ni salama, kijani ni onyo, kahawia ni hatari. Macho yako yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo kazi ya kutazama na kuandika ikawa yangu. Mwishoni akasema kwamba kahawia ikizidi, ataacha vidonge aanze sindano, na kwamba atanifundisha mimi kukudunga kila siku. Nilikutafsiria yote isipokuwa hilo la sindano. Niliogopa mno, nikalimeza.

Siku za kwanza nilipima kwa uaminifu. Kahawia. Kahawia. Kijani. Kahawia tena. Kila nilipokutajia rangi uso wako ulianguka. Uliacha sukari kabisa, ukawa unakunywa chai chungu huku umefumba macho kama mtu anayekunywa dawa. Nami nililichukia lile kopo la mkojo. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, na nilijiona nanuka darasani hata kama hakuna aliyesema kitu.

Halafu asubuhi moja nilichelewa. Kengele ya shule ilikuwa imeshalia, nami kopo sijaligusa. Ukaniuliza kutoka jikoni, leo rangi gani? Nikajibu buluu.

Ukasema alhamdulillah, ukamwita Halima aje asikie. Ulipika chai ya maziwa yenye iliki, ukatia vijiko viwili vya sukari, na kikombe cha kwanza ukanipa mimi, huku wewe na Halima mkinywa mkicheka. Nilikunywa, Hooyo. Ilikuwa tamu, nami nikaenda shule nikikimbia.

Tangu siku hiyo sikupima tena. Niliandika buluu, buluu, kijani, buluu. Ile kijani niliitia makusudi, ili ionekane kweli. Kila asubuhi nilichukua kijikaratasi kimoja kikavu nikakitupa chooni, ili vilivyobaki kwenye kichupa vilingane na siku. Nilikuwa hodari wa hesabu. Tulipokwenda kliniki daktari alipitisha kidole kwenye kurasa zangu akafurahi. Akasema mama aendelee hivi hivi, sindano hatuhitaji. Maneno hayo nilikutafsiria yote, bila kuacha hata moja. Ukarudi nyumbani umenishika mkono, na sokoni ukawaambia wenzako kwamba binti yako ameishinda sukari kwa kalamu. Jioni zako zikarudia utamu wake: chai, tende, halwa ya wageni. Niliona yote, nikawa najiambia kwamba angalau una furaha.

Mvua ya El Nino ilipokuja, mto Tana ulivunja kingo zake na barabara ya Nairobi ikakatika. Mji mzima ulikuwa tope. Uliendelea kwenda sokoni na kandambili zako, na siku moja mwiba ulikuingia kwenye unyayo usiusikie kabisa. Ulitembea nao siku kadhaa. Halima aliona alama ya damu sakafuni alipokuwa akifagia, akafuata alama hizo mpaka ulipokuwa umekaa. Ulishangaa kuliko sisi. Tulipokufikisha hospitali vidole viwili vilikuwa vyeusi, na harufu nitaijua mpaka kufa.

Daktari alikuwa yule yule. Aliomba daftari, akasoma ukurasa baada ya ukurasa, akarudi mwanzo akasoma tena.

"Sielewi," akasema. "Rangi hizi ni za mtu asiye na ugonjwa."

Aliniangalia bila hasira. Wewe ukaniuliza anasemaje. Nikakuambia kwa Kisomali kwamba anauliza kama tuliandika kila siku. Ulijiinua kitandani kwa kiwiko, ukaniambia nimjibu kwamba binti yako hakukosa hata asubuhi moja, kwamba alikuwa akiandika hata akiwa na homa. Nilifungua kinywa, maneno hayakutoka. Ulidhani ni aibu ya mtoto kujisifu. Basi ukasema mwenyewe, kwa Kiswahili chako cha sokoni.

"Daktari, hii msichana yangu. Naandika kila siku. Haijabita siku moja."

Akajibu, "Asante, mama." Akalifunga daftari, akanirudishia mkononi. Mpaka leo naamini alijua. Na mpaka leo sijui kwa nini alininyamazia, labda kwa ajili yako.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Sindano zikaanza, na ni mimi niliyefundishwa. Nilikudunga kila asubuhi kabla ya shule, na hapo kweli sikukosa siku. Kile nilichokiogopa kiasi cha kukuangamiza kilikuwa kazi ya dakika mbili. Ulikuwa ukiniombea dua nikikudunga, na kila dua iliniingia kuliko sindano ilivyokuingia wewe. Hukumaliza miaka miwili.

Nisikufiche la Halima. Aliacha soko akawa miguu yako. Alikubeba, akakuogesha, akakugeuza kitandani. Yule kijana wa Mandera aliyekuwa amemposa alisubiri, akachoka, akaoa kwingine. Mimi nikaenda sekondari, kisha chuo cha ualimu. Watu husema sisi ndugu wawili tulibarikiwa, mmoja kwa subira na mwingine kwa elimu. Huwa naangalia chini. Hawajui kwamba subira ya mmoja ilikuwa adhabu ya kosa la mwingine.

Miaka yote hiyo nilidhani nimebadilika. Lakini wiki ya kwanza ya kipimo hiki nilialikwa akika ya mtoto kwa jirani. Nikanywa chai ya maziwa, nikaongeza halwa. Baadaye kidogo simu ikalia mbele ya wanawake wenzangu, mshale wa sukari unaelekea juu. Mkono wangu ukaichukua na kuiingiza chini ya mto, wala sikuuamuru. Nikakaa juu yake nikitabasamu. Ndipo nilipomwona yule msichana wa miaka kumi na tatu. Hajaenda popote, Hooyo. Ameota mvi tu.

Niliporudi kliniki nilimwuliza Mwende kama vile nauliza habari za mtu mwingine: mama wa namna hii, mtoto wake angeandika rangi za kweli, mguu ungepona? Alifikiri kabla ya kujibu. Alisema mkojo hutoa habari kwa kuchelewa, na kwamba wako waliopima vizuri na bado wakakatwa. Lakini sindano zingeanza mapema, akasema, na huenda. Aliishia hapo, kwenye huenda. Ndimo ninamoishi.

Siku ya pili yake nikaenda kwa Halima. Alikuwa akipika anjera. Nilikaa kwenye kigoda, nikamwambia yote tangu kengele ya shule mpaka daftari kurudishwa mkononi mwangu. Aliendelea kumwaga unga wa maji kwenye chuma, kuuzungusha na kufunika, moja baada ya nyingine, mpaka bakuli likaisha. Kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Ile chai ya siku ya kwanza. Ulijua?"

Nikasema nilijua.

"Usiniambie mimi," akasema. "Mwambie Hooyo."

Hakunisindikiza mlangoni. Siku zikapita hakunipigia, na nilipompigia hakushika. Kwa hiyo nikakaa kuandika barua hii. Niliianza mara nne nikachana. Kila mara nilijikuta natafuta mahali pa kuweka umri wangu, woga wangu, uchovu wangu, ili nikupunguzie hukumu. Safari hii nimeviweka kwa sababu vilikuwepo, lakini sivitumii kama wakili. Nilijua buluu ni nini na kahawia ni nini. Ulikuwa umenikabidhi macho yako, nami nikayafumba.

Nilikuwa nimefika hapa kwenye barua jana, wiki mbili zilipokwisha na kipimo cha kwanza kikamaliza kazi. Nilitakiwa nibandike cha pili mwenyewe, kama Mwende alivyonifundisha, ila mkono haukufika vizuri. Nikiwa bado nahangaika, Halima akaingia. Alitoa salamu, hakukaa. Aliangalia kile kidude akaniuliza kinawekwaje. Nikamweleza. Akanawa mikono kwa sabuni mpaka viwikoni, kama alivyokuwa akinawa kabla ya kukugusa wewe. Akanisafisha kwa spiriti, akabonyeza. Alibonyeza kwa nguvu kuliko inavyohitajika, na mkono wake ukabaki pale. Iliniuma.

Hakusema amenisamehe, nami sikumwuliza. Alikaa saa nzima kukisubiri kiamke, akipunga nzi kwa ncha ya ushungi wake. Simu ilipowaka akataka kujua inasemaje, kwa sababu namba hizi hajui kuzisoma. Niliiona, Hooyo, nikapata nafasi. Ningeweza kumwambia saba, naye asingejua.

"Kumi na nne," nikasema. "Ni mbaya."

Akasimama, akavaa kandambili zake.

"Inuka," akasema. "Tutembee."

Tulitembea mpaka mwisho wa bulla, mtaa wetu, na kurudi, yeye mbele, mimi nyuma yake.

Nisamehe ikiwa huko uliko kunasameheka. Na kama bado, usiache kuniuliza leo rangi gani.

Ni mimi, binti yako mdogo, uliyempeleka shule.