Siku Nilipokudanganya kwenye Ngazi za Wakinga

Mpendwa dada Tumpe,

Ugonile? Jambo hili sijamwambia mtu, hata katika sala nimelipitia haraka. Siku ile ulipomtazama baba mkwe wako usoni, aibu ikakuangukia wewe. Mwenye kosa nilikuwa mimi.

Unakumbuka tulivyotoka Ipyana, nikikusindikiza kwa mumeo? Chini ya mlima ukaikataa barabara mpya ya serikali. "Baba mkwe hupita huko, naye hatazamwi na mke wa mwanawe. Nikimwona, uso wangu nitauweka wapi?" Basi tukapanda njia ya kale, ile ya ngazi za mawe ambako Wakinga, wale wahunzi wa mlimani, walishushia majembe yao ya kuuza tangu bibi hajazaliwa. Hakuna aliyeitengeneza tena. Migomba-mwitu imeota katikati ya mawe, na kimya chake ni cha kusikia ziwa kule chini likipumua. Nilihesabu ngazi kwa Kijerumani nilichofundishwa misheni, ukaniuliza, "Unahesabu au unapiga chafya?"

Nilifurahi mno kuwa nawe, ndiyo shida. Kila ngazi ilikuwa inaniondolea dada. Nikasema, "Baba mkwe wako huyo." Ukajitupa kwenye magugu, nguo kichwani, nami nikapata muda wa kukaa nawe. Hapakuwa na mtu. Nikadai amerudi alikotoka. Mara ya pili uliangukia kwenye upupu, ukajikuna mpaka kileleni.

Mara ya tatu alikuja kweli, jogoo kwapani. Kumbe naye aliikwepa barabara ili asikutane na wewe.

"Dada, anakuja."

"Aje. Umenichosha," ukasema, ukageuka, ukamkodolea macho.

Mzee ndiye aliyeruka vichakani. Jogoo akabaki kwetu. Sauti ikatoka kwenye majani: "We mtoto, nirushie jogoo wangu. Na huyo mwenzio atazame ziwa." Ukatazama ziwa, mabega yakikutetemeka kwa kicheko.

Kicheko kiliisha habari ilipofika nyumbani. Unajua kwetu mke akimwangalia baba wa mumewe ni aibu ya ukoo mzima. Mama alisema, "Tumpe amefanya kusudi, hana adabu." Hukunitaja. Mpunga umevunwa mara mbili na mama hajakanyaga kwako, wala mtoto wako hajambeba. Nami ninayeandika lugha mbili nimekosa sentensi moja ya kumwambia.

Karatasi hii nimeisukuma chini ya mkeka mara nne tangu asubuhi. Sasa nyayo za mama zinakuja mlangoni, nami nimeiacha palepale magotini. Hajui kusoma. Atauliza ni nini, nami nitamsomea kwa Kinyakyusa, kuanzia juu. Akishanigombeza vya kutosha, nitamwomba tuje wote wawili, abebe mjukuu wake.

Ndaga kwa kunisitiri muda wote huu. Mlango unasukumwa.

Mimi, mdogo wako mwongo