Hukukawia, Palani

Paauilo, Hawaii
9 Februari 2016

Mpendwa mwanangu Palani,

Aloha kwako na kwa wote walio nyumbani mwako huko Las Vegas. Je, goti limepoa? Nasikia baridi ya jangwani mwaka huu inauma. Usitoke bila koti. Mimi nipo, siwezi kusema zaidi. Daktari ameacha dawa za kuponya, sasa ananipa za kutuliza. Naandika asubuhi, mkono ukiwa bado unatii.

Hapa mvua haikatiki. Mdogo wako Keola amepoteza nusu ya magimbi yake.

Binti yake, Nohea, anafundisha watoto kwa Kihawaii, hata hesabu. Wiki iliyopita walinialika, wakanivika shada la maua na kuniita mlinzi wa lugha. Uwanjani watoto walipiga kelele kwa Kihawaii na kwa Pijini, kile Kiingereza chetu cha mashambani, na hapakuwa na wa kuwanyamazisha. Nilirudi nyumbani, shada nikalivua na kuliacha mlangoni.

Palani, nataka kusema habari za siku mdogo wenu Liko alipochukuliwa na mfereji wa shamba la miwa. Ulikuwa na miaka minane. Ukoo mzima unaamini ulizembea njiani ulipokuja kuniita. Nawe, baada ya miaka hii yote, labda umeshaanza kuamini.

Uliingia darasani kwangu mbio, matope hadi mapajani. "Ticha! Liko kabebwa na maji! Kule mferejini, njoo chapchap!" Ilikuwa nusu Pijini, nusu Kihawaii cha bibi yako. Nyuma ya darasa alikuwa ameketi mkaguzi, mzungu kutoka Honolulu, na kanuni yangu ilijulikana: lugha hizo mbili sizisikii.

Nikasema, "Sikusikii, Palani. Anza upya, kwa Kiingereza safi."

Ukajaribu. Maneno yakakwama. "Ticha, ulimi wake umeteguka!" akasema mmoja, darasa likaangua kicheko. Nikakuanzisha tena. Na tena. Ukalia, ukaanza kunivuta gauni, nami nikauondoa mkono wako.

Aliyeinuka kwanza ni mkaguzi. "Mwalimu, nadhani mtoto huyu ana shida." Hakuelewa hata neno moja, alikuangalia uso tu. Mimi nilielewa yote tangu mwanzo.

Tulipofika, mnyapara alikuwa amemtoa Liko kwenye wavu wa chuma. Akasema mwili ulikuwa bado na joto.

Jioni baba yako alikuuliza, "Ulisimama wapi, wewe konokono?" Ulinyoosha kidole kwangu. Nami nikasema, mbele ya mama yako aliye mdogo wangu wa tumbo moja, "Mtoto amechanganyikiwa. Alifika kachelewa." Nani angemwamini mtoto dhidi ya mwalimu? Jina la Konokono likakuganda mpaka ukahama kisiwa. Nilisikia Keola akikuita hivyo hata siku ya harusi yako, watu wakacheka, nami nikacheka.

Wazazi wako wamekufa bila kujua. Hilo siwezi kulitengeneza.

Jumapili nimewaambia waliobaki, wote wakiwa mezani. Nohea aliweka kijiko chini. Keola alisema, "Mama mkubwa, miaka yote hiyo?" kisha akatoka, akasimama mvuani. Tangu hapo hajaja kunisalimu, na sina haki ya kumwita. Amesema atakupigia simu, lakini hajui aanzie wapi. Akipiga, mpokee.

Sikuombi msamaha kwa barua. Kwetu jambo kama hili hukaliwa kikao na wote, kila mtu akasema lake mpaka liishe. Ukiweza, njoo uniambie usoni. Ukikuta nimetangulia, nenda kaburini useme kwa lugha yoyote itakayokutoka. Safari hii nitakusikiliza mpaka mwisho.

Msalimie mkeo Lorna na wajukuu zako, na uwaambie babu yao siku ile alikimbia mbio. Mungu akupe usingizi ambao mimi nilikunyima.

Akupendaye, asiyestahili kupendwa,
Mama yako mkubwa,
Miriama