Kitabu cha Kwanza Kiko kwa Albert

Gaston,

Padre aliponiletea komunyo Jumapili iliyopita aliniuliza kama nimewasamehe wote. Nilijibu ndiyo. Hakuwa hata amefika barabarani nikajua kwamba nimedanganya, wala si kwa ajili ya ndugu zako. Wao nimewazoea. Niliyeshindwa kumsamehe ni wewe, mume wangu, na kwa kuwa hakuna padre awezaye kukuita ujibu, nakuandikia mwenyewe, kidogo kidogo, kadiri mkono unavyoniruhusu.

Habari za huku ni fupi. Siishi tena nyumbani kwetu. Niko Mangobo, katika chumba cha nyuma cha Clarisse, binti ya dada yangu. Miguu imevimba, viatu vyangu nimempa yeye. Macho yanaona mstari mmoja umelala juu ya mwingine. Daktari alizungumza na Clarisse kwa muda mrefu, mimi akanipa mkono tu bila kunitazama usoni. Nimefundisha wasichana maisha yangu yote. Mtu anayeficha matokeo namjua.

Kwa hiyo imebaki haja moja, nayo unaijua. Vile vitabu sita, hadithi ya ukoo wa wavushaji kwenye mto wa nchi ya baridi, alivyokuachia mwalimu mwenzako Mbelgiji alipofunga mizigo kurudi kwao. Vilikuwa bado ndani ya nailoni yake. Kila bonane, mwaka ulipogeuka, ulivishusha kabatini, ukapangusa vumbi, ukasema mwaka huu tunaanza. Kisha ukavirudisha. Mara tusubiri usahihishe mitihani. Mara tusubiri vita viishe, mtu hawezi kusoma huku anasikiliza mabomu yanaangukia wapi. Vita vikaisha, ikawa tusubiri ustaafu. Siku moja ulipokuwa msituni Masako na wanafunzi wako, mkiangalia miti, nilishika cha kwanza nikataka kukifungua peke yangu. Jioni nikakuambia, na hukula. "Tukianza, tunaanza pamoja, Yvonne." Nami nikauita upendo. Haukuwa upendo, Gaston. Ulikuwa mtu wa kubakiza kipande cha nyama pembeni mwa sahani mpaka nzi wakigundue kabla yako.

Sasa sikiliza walivyofanya watu wako. Kila nilipokuomba uweke mambo yetu sawa, maana hatukujaliwa mtoto, ulisema ukoo wenu hauna tabia hizo. Siku ya kuondoa matanga nilikuwa nimekalishwa kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa, na mjane hasemi. Waligawana sufuria, redio, suti zako, na cherehani ambayo ilikuwa yangu kabla hujanijua. Walipofika kabatini, Albert, mdogo wako, alivihesabu vitabu, kisha akawahesabu ndugu zake kwa macho. "Bon, ziko sita, na siye tuko sita. Mungu mwenyewe alipanga. Kila mutu achukue moya, ikuwe ukumbusho ya yaya Gaston." Wote wakaona ni haki kabisa. Shangazi yako akalia kwa jinsi ilivyokuwa haki. Wakakata hadithi kama mbuzi wa sikukuu, kila mtu na paja lake, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba kupewa kitabu kimoja cha mfululizo ni kama kupewa mguu wa kushoto wa suruali. Nilifungua mdomo. Mama mmoja akanikanyaga kidole cha mguu ili ninyamaze.

Nimevikusanya tena vitano. Clarisse alivifuata mbio kwa pikipiki, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kimoja kilikuwa kinazuia dirisha lisijifunge. Kimoja kilifunika mtungi. Dada yako wa Yanonge alinipa chake huku anacheka: "Chukua, Mama Mwalimu, hii yangu haina hata picha." Kilichokuwa kimebaki ni cha kwanza. Kiko Isangi, kwa Albert. Kila nilipomtuma mtu, jibu lilikuwa hapana, bila sababu.

Mwezi uliopita akaja mwenyewe. Amezeeka na sasa anafanana nawe, hilo nalo sikulipenda. Akaweka samaki wa moshi mezani, akakaa, akavua kofia. Mwishowe akauliza: "Shemeki, ule mutoto alivuka?"

Sikuelewa anauliza nini. Kumbe amekisoma. Albert, ambaye ulisema hawezi kumaliza ukurasa wa gazeti, amekisoma mara nyingi mpaka jalada limetoka. Kitabu cha kwanza, akaniambia, kinaishia pale msichana mdogo anapoweka mguu juu ya mto ulioganda, mama yake anamwita kutoka ng'ambo, basi, ukurasa umekwisha. Na huyu ni mtu aliyekulia mtoni, ndani ya pirogi, ambaye hajaona maji magumu maishani mwake. "Maji inabeba mutu namna gani, shemeki? Na ikipasuka? Alors miye nalala naye pale juu kila siku."

Nilimwambia sijui. Ni kweli, cha pili ninacho lakini sikukifungua, nilitaka kuanza mwanzoni. Hakuniamini. Alidhani namwadhibu. Akaomba, mzee mzima, kofia mkononi, nami nilikuwa nakunywa chai yangu polepole nikimtazama. Nilifurahi, Gaston. Sijafurahi vile tangu tulipokuzika. Hilo pia sikumwambia padre.

Clarisse ndiye aliyetafuta njia: "Tonton, acha kitabu hapa, Mama asomewe, halafu atakuelezea." Akakataa. "Nikikiacha, munanifungia mulango. Miye nitakuya nacho."

Basi tumekubaliana hivi. Baada ya bonane atahamia kwa binti yake, mitaa miwili kutoka hapa, na kila asubuhi atakuja kunisomea, tangu neno la kwanza. Anasoma kidole kikiwa chini ya mstari, Kifaransa chake kinachechemea. Nitamsahihisha, atakasirika, na nitamsahihisha tena. Usidhani nimemsamehe. Mkewe bado anashonea cherehani yangu. Ningeweza kungoja msomaji mwema zaidi, lakini kungoja nilijifunza kwako, na nimeona kunamfikisha mtu wapi.

Wewe ulikuwa na sauti nzuri ya kusoma. Nilipokuwa bado natembea, wanafunzi wako wazee walinisimamisha sokoni kuniambia hivyo. Wao uliwasomea. Mimi uliyenioa ulinisomea nini? Maandishi ya kwenye chupa ya dawa. Ningependa, hata mara moja tu, hata ukurasa

Basi. Tuache hapo.

Sijui kama tutafika cha sita. Clarisse anasema tutafika, na anasema haraka mno. Kwa hiyo nimeamua jambo ambalo litakushangaza. Nikiishia njiani, vyote sita vinakwenda kwa Albert, vyote pamoja, wala mtu mwingine asipewe hata kimoja kwa ukumbusho. Nimemwambia Clarisse mbele ya jirani. Mtu aliyeninyang'anya ndiye pekee katika ukoo wako anayejua anachongojea. Ninaandika neno hili na linanichoma, lakini sitalifuta.

Pumzika, Gaston. Zamu yangu ikifika watanilaza kando yako, maana sina pengine, nami sitageuka upande wa pili. Lakini nakuahidi hili, na unajua mimi natimiza: hadithi sitakusimulia, hata unibembeleze. Utakaa hapo umngoje Albert aje akusimulie. Na Albert, nimemsikia akipanda ngazi na gunia lake la samaki, kifua chake ni kizima kabisa.

Mkeo,
Yvonne